Nafasi Niliyoiacha Chini ya Picha

Mwaka 2021, nikiwa na miaka sitini na mitatu, nilianza kuona damu chooni. Nikanyamaza. Nilinyamaza tangu tunavuna mahindi mpaka tunapanda mengine, kwa sababu kijijini kwetu Akheri mwanaume haongelei mambo ya choo, si kwa mke, si kwa mchungaji. Huo ni ujinga na mimi niliufuata. Wewe unayesoma, kama unanyamaza sasa hivi, weka karatasi hii chini uende ukapimwe. Itakungoja.

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la tatu, nikashuka mjini Arusha na shati moja. Nilifagia karakana ya fremu za picha miaka miwili kabla sijaruhusiwa kushika wembe. Nikajifunza kukata kioo, kukata kadibodi, kubandika picha bila kuacha povu hata moja chini yake. Leo nina kibanda changu Kaloleni na hakuna mtu aliyenipa. Nimetengeneza albamu za harusi, za kipaimara, za mahafali. Lakini kazi iliyonilisha ni misiba. Sisi Wakristo wa huku hatuziki mtu bila picha yake kubwa ndani ya fremu, maua pembeni, chini jina na mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufariki, na mtu wa ukoo anaibeba mbele ya jeneza. Simu zimeua albamu. Picha ya marehemu hazijaiweza.

Basi. Damu ilipozidi, mke wangu, Mama Neema, aliona shuka. Asubuhi nilikuta amevaa kitenge cha safari, ameshika mkoba wake na kadi yangu ya bima.

"Baba Neema, tunakwenda."

"Tunakwenda wapi?"

"Unajua."

Hospitali siitaji. Nitataja benchi. Benchi la wagonjwa wa saratani ni benchi baya kuliko yote niliyokalia, na nimekalia ya polisi. Kila mtu ameshika bahasha yake kifuani kama ameiba. Mbele kuna televisheni haina sauti, mtu anapika keki. Pembeni mzee anatapika kwenye mfuko wa rambo, mwanawe anaangalia ukutani. Choo kimoja, foleni, na ukiingia unakuta aliyetoka hakumwaga maji. Nilikinai siku ya kwanza, na kinyaa hicho hakijanitoka mpaka leo ninavyoandika. Watu wengine wakisimulia ugonjwa wanasema walimwona Mungu. Mimi niliona choo.

Walinipasua wakati wa masika. Nilipozinduka, daktari kijana akaniambia kwa sauti ya taratibu, "Mzee, njia yako ya haja kubwa tumeifunga kabisa. Sasa utapitishia hapa." Akafunua shuka. Kushoto kwa kitovu palikuwa na kitu chekundu, kimelowa, kinafanana na nyanya mshumaa iliyopasuka. Kilikuwa kinacheza chenyewe. Juu yake mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko mavi. Naandika neno hilo kwa sababu ndilo jina lake. Nilikuwa nimelala, sijasukuma kitu, na yalikuwa yanatoka mbele ya watu watatu.

Muuguzi aliyepewa kunifundisha ni Sista Oliva, binti mfupi, ana kicheko cha haraka. Alileta mkasi na karatasi ya kupimia. "Shikamoo mzee. Leo tunajifunza kukata tundu la mfuko na kuubandika."

"Marahaba. Wewe utanifundisha mimi kubandika?"

"Ndiyo, mzee."

"Nimebandika tangu mama yako hajaolewa."

Akacheka. Akaonyesha hivyohivyo. Kukata tundu sawasawa na kile kinyanya, kusafisha ngozi kwa maji ya uvuguvugu tu, kukausha, kubandika, kuweka kiganja juu mpaka joto la mkono lishike. Sikumsikiliza. Niliangalia dirishani.

Nyumbani mfuko ulibanduka siku ya pili. Nilikuwa kibandani, mteja amekaa anachagua ubao wa fremu, nikasikia joto linateremka kwenye paja. Nikamwambia mteja nimekumbuka jambo. Nikafunga mlango, nikasimama peke yangu katikati ya vioo nilivyovikata mwenyewe, nanuka. Ndipo nilipofanya upumbavu wangu mkubwa. Nilichukua gundi yangu ya kazini, ile ya njano ya kubandika ngozi na mbao, nikapaka kwenye mfuko mpya, nikapaka na tumboni, nikapuliza, nikabandika. Ikashika. Nilijivuna siku tatu. Siku ya nne nilipoubandua, ngozi ilikuja nao.

Usifanye hivyo. Sitakueleza zaidi. Nyama ilikuwa wazi kama ya kuku aliyenyonyolewa, na juu ya nyama ile mavi hayakuacha kupita, maana hayana mlango. Sista Oliva aliposafisha hakunisema. Angenisema ningeweza kumjibu.

Kidonda kikapona, dripu za dawa ya saratani zikaanza. Waliniandikia sita. Ya kwanza ilikuwa mwezi wa saba, mlima umejifunika ukungu wiki nzima, na dawa ile ina adui mmoja, baridi. Ukigusa maji ya bomba vidole vinachomwa sindano. Ukivuta hewa ya asubuhi koo linajikaba. Mimi fundi sikuweza kushika mkasi. Ya pili iliniachia ladha ya msumari mdomoni, hata ndizi za Mama Neema, zile anazopika na maziwa, zilikuwa na ladha ya msumari. Ya tatu ilikuta upepo wa vumbi wa mwezi wa tisa. Kucha zikawa nyeusi, viganja vikachubuka, na kuhara kwa mfuko kukaanza. Anayehara kawaida anakimbia. Mimi nilikuwa nakaa tu, nasikiliza mfuko unajaa.

Mwanangu Elibariki, mdogo wake Neema, anakaa Themi, hapo mjini, nyumba ya vigae. Alinichukua baada ya dripu ya tatu nikae karibu na hospitali. Mke wake alinipokea kwa heshima zote za mkamwana, chakula mezani, maji ya kunawa, kichwa chini. Jumapili moja nilitoka sebuleni kwenda kuchukua miwani, nikarudi ghafla. Nilimkuta anapuliza manukato ya kopo kwenye kochi nililokuwa nimekalia. Alipuliza na kuufuta mto kwa kitambaa, haraka haraka. Hakuniona. Sikumlaumu, na mimi ningepuliza. Niliingia chumbani, nikafunga begi, nikapanda bodaboda mpaka stendi na mfuko wangu tumboni, nikarudi Akheri.

Nikamwambia Mama Neema, "Dripu basi."

"Zimebaki tatu."

"Nimesema basi. Mtu hatibiwi kwa kuozeshwa."

"Daktari alisema usipomaliza ugonjwa unaweza kurudi."

"Urudi. Utanikuta."

Alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea kumenya. Usiku ule alihamishia godoro lake chumba cha watoto, na mpaka leo sijui kama ni harufu au ni lile neno langu. Nilidhani ni harufu. Nikaacha kula na watu, nikaacha kwenda kanisani, nikakaa nyuma ya nyumba naangalia kahawa ya jirani inaiva. Dripu ya nne ilipita tarehe yake. Wakanipigia, sikupokea.

Mijakaranda ya mjini ilipochanua, Sista Oliva akampigia Mama Neema. Hakutaja dripu. Alisema hospitali imeletewa boksi na wafadhili, vifaa vya kitu kinaitwa skrapubuku, daftari kubwa la kubandika picha na kumbukumbu, wagonjwa wajiliwaze wakati wanangoja. Mwalimu aliyekuja, kijana, ameshindwa. "Nimemtumia mzee picha ya kazi yao kwenye simu yako, mama. Mwambie aangalie tu."

Niliangalia. Picha ilikuwa imekunjamana, kona zimeinuka, gundi imevuja pembeni kama makamasi, povu katikati ya uso wa mtu. Katikati ya uso! Nilikosa hamu ya uji. Nimevumilia mengi mwaka ule, lakini sikuwahi kuona kitu kichafu namna ile kikiitwa kazi.

"Mwambie nakuja Jumamosi," nikasema. "Kuwaonyesha kubandika, basi. Asinisogelee na sindano."

Jumamosi nilibadilisha mfuko mara mbili kabla ya kutoka. Sijawahi kufundisha darasa maishani. Vijana wa karakanani nimewafundisha, lakini hao nilikuwa nawafundisha kwa kuwagombeza. Hapa niliwakuta watu wanane kwenye ukumbi wa kungojea, wamezunguka meza mbili, wengine vichwa vya upara, mmoja ana ndoo miguuni. Nikafungua boksi la wafadhili. Vibandiko vya vipepeo. Dubu wamefunga tai. Mioyo inayometameta, ukishika inakuachia vumbi la fedha vidoleni. Mkasi unaokata mawimbi. Mtu anatapika kwenye ndoo, unampa dubu mwenye tai! Nilisukuma boksi pembeni, nikatoa rula yangu, wembe wangu, na gundi ya unga wa ngano niliyoipika mwenyewe.

Wawili niliwajua majina siku hiyohiyo kwa sababu hawakunyamaza. Mmoja Mama Glory, muuza mitumba, mwanamke mwenye sauti ya sokoni hata akiwa amekonda. Mwingine Mzee Ramadhani, fundi cherehani wa hukohuko Kaloleni, tumepishana barabarani miaka na miaka bila kusalimiana.

"Shikamoo mwalimu," akasema Mama Glory. "Umekuja na rula? Tutachapwa?"

"Ukiacha povu utachapwa."

Sista Oliva alikuwa amewasafishia picha kutoka kwenye simu zao, kila mtu moja, ya kabla ya ugonjwa. Nikasimama mbele. Nilikuwa naogopa, nakiri, na mtu akiogopa mikono inafanya ilichozoea. Nikawaambia: picha katikati ya ukurasa. Pima kila upande, iwe sawa. Paka gundi nyembamba, toka katikati kwenda nje, kandamiza kwa kitambaa kikavu. Maua ya karatasi, matatu kulia, matatu kushoto, yasizidi. Chini piga mstari. Andika jina kamili. Chini ya jina, mwaka wa kuzaliwa. Halafu kistari. Halafu acha nafasi ya vidole viwili.

Wakafanya. Ukumbi ukatulia kabisa, nikadhani wamependa. Nilipita nyuma yao na rula, nakagua kona. Kazi ilikuwa inaridhisha. Mama Glory alikuwa ameinama juu ya ukurasa wake, hasogei, kalamu hewani. Dada wa pembeni yake, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameshika mdomo. Mimi naona kona tu.

Mzee Ramadhani akainua kalamu. Yeye ni Mwislamu, kwao hawabebi picha mbele ya jeneza, hajui desturi yetu. Akauliza bila hila yoyote, "Mwalimu, na hapa baada ya kistari tuandike nini?"

Nikafungua mdomo nimjibu.

Ndipo nikaona. Kurasa nane mezani, nyuso nane zinacheka katikati ya maua, na chini ya kila mmoja nafasi ya mwaka wa kufa. Nilikuwa nimewatengenezea wagonjwa wa saratani picha za misiba yao, na nikawakagua na vipimo.

Na katika ukimya ule, mfuko wangu ukajamba. Mfuko hauna haya wala huwezi kuubana. Ulijamba kwa muda mrefu, na mwisho wake ulikuwa na maji.

Mama Glory akaanza. Alicheka mpaka kilemba kikamteleza, akapiga meza, akashika ubavu ulioshonwa. "Jamani! Hata tumbo lake limemshangaa!" Wote wakacheka. Hata mwenye ndoo. "Babu, umetuzika watu wanane na saa nne haijafika!"

Nikaanza kukusanya vifaa vyangu. Masikio yalikuwa yanawaka. Nilijichukia kuliko nilivyouchukia mfuko.

"Unakwenda wapi? Kaa chini."

"Nimekosea, mama. Mtanisamehe."

"Kaa, nimesema. Mfuko tumeusikia, hata wangu unaongea." Akajipiga tumboni, upande wa kulia. Sikujua. Mwanamke yule alikuwa amekaa na mfuko muda wote, na mimi mwenye mfuko sikunusa kitu. "Sista anasema wewe umeacha dripu. Umebakiza tatu."

"Sista ana mdomo mrefu."

"Niulize basi. Mimi nina dripu Jumatano. Ramadhani Alhamisi. Huyu mwalimu wa shule leo hii, akitoka hapa. Nafasi zetu ziko wazi hizi hapa, unaziona. Ya kwako nani ameijaza?"

Nilishika wembe nikasema, "Leteni nizikate hizo sehemu za chini. Nitakata vizuri, haitaonekana."

"Yangu usikate," akasema Mzee Ramadhani. Alikuwa ameshaelezwa kwa kunong'onezwa. "Nimeandika mwandiko mzuri, siharibu. Mimi naandika hivi." Akainama, akaandika taratibu kwa herufi za fundi cherehani, zimelala upande. 1955 – bado.

Mama Glory akavuta ukurasa akasoma kwa sauti. "Bado! Haya, na mimi bado." Wakaandika wote. Wengine waliandika kwa wino wa bluu, wengine mwekundu, bado ya mmoja ilipanda mlima, ya mwingine ilishuka bonde, na mmoja akabandika dubu mwenye tai palepale juu ya kistari nikiona. Kazi iliharibika yote. Nilikunywa maji, nikaiweka rula chini.

Nilipotoka nilimkuta Sista Oliva kwenye korido anajifanya anapanga mafaili.

"Ya nne ni lini?" nikauliza.

"Jumatano, mzee. Saa mbili, uwe umekula."

"Usicheke."

"Sicheki, mzee."

Sikurudi kwa ushujaa, asikudanganye mtu. Nilirudi kwa sababu nilikuwa nimewaahidi Jumamosi nyingine, na sikuona namna ya kusimama na rula mbele ya watu walioandika bado, mimi nikiwa nimeshajiandikia mwaka. Nilipomwambia Mama Neema, alisema, "Haya." Akaosha termosi ya kubebea uji. Jumanne usiku godoro lake lilikuwa limerudi. Nilimuuliza kama harufu imeisha. Akasema, "Harufu gani?" akageuka akalala.

Ya nne na ya tano zilikuwa mbaya. Mvua za vuli zilikuja, vidole vikaanza sindano zake, nikavaa glavu za sufu kama mlinzi. Nilijifunza kubandika mfuko kwa namna ya Sista Oliva, maji ya uvuguvugu, tundu sawasawa, kiganja juu mpaka ushike. Haukubanduka tena. Naandika hili kwa uchungu. Nilifundisha kila Jumamosi niliyoweza kusimama. Kwa wenye mifuko nilifundisha na kukata tundu, hapohapo mezani, shati limefunuliwa, maana mkasi ni mkasi. Ya sita niliimaliza mahindi yakiwa yameanza kuchomoza kitalu cha chini.

Mama Glory alifariki kabla ya Pasaka. Dripu zote alimaliza, ugonjwa haukujali. Watoto wake walikuja kibandani wakiwa wameshika ile karatasi yake, wanataka fremu, na maneno ya chini yawekwe kwa desturi. Niliwaambia warudi jioni. Nilikata kadibodi ya kwanza nikaiharibu. Sijawahi kuharibu kadibodi ya marehemu. Ya pili ilikubali. Nilitengeneza upya kila kitu, jina, miaka yote miwili, kistari. Ile karatasi yenyewe sikuigusa na wembe, niliwarudishia kama ilivyo, na povu lake pembeni.

Mzee Ramadhani yupo. Tunasalimiana sasa, na ananitukana kwa suruali ninazovaa.

Kinyaa sijakizoea, na anayekuambia utakizoea anakudanganya. Unabadilisha mfuko huku umekunja uso, unanawa, unakwenda kula.

Leo nina nyumba ya tofali Akheri, vyumba vitatu, bati jipya. Migomba. Ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wake. Kibanda cha fremu Kaloleni, meza ya kukatia, rula mbili za chuma. Mke mmoja. Mtoto mmoja Themi, ambaye kochi lake nalikalia nikitaka. Mifuko kumi na minne ndani ya kabati. Wanafunzi sita, wengine wabishi. Kadi ya kliniki yenye mihuri sita, na imeandikwa nirudi baada ya masika.